Betania: Nyumba Isiyouliza Ulitoka Wapi



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili tutafakari habari za Mwenye heri Jean-Joseph Lataste, padre Mdominika wa Ufaransa. Aliishi mbali na Msangeni, lakini alilolitenda linatugusa.

Septemba 1864, akiwa na umri wa miaka 32, Padre Lataste alitumwa kuhubiri mafungo katika gereza la wanawake la Cadillac, mji ule ule alikozaliwa. Walikuwamo wafungwa wapatao 400. Kwa kukiri kwake mwenyewe, aliingia na moyo mzito, akidhani huenda kazi ile isizae kitu. Hata hivyo, aliposimama mbele yao hakuwaita wahalifu. Aliwaita dada zake. Mafungo yalipofikia mwisho, wengi walikuwa wamepokea kitubio, nao walikesha kwa zamu usiku mbele ya Ekaristi Takatifu.

Lakini swali likabaki: wakifunguliwa, waende wapi? Baadhi yao walitamani utawa. Nyumba za kuwahifadhi wanawake kama hao zilikuwapo, ila humo aliyetubu na mtawa hawakuwa sawa. Hivyo mwaka 1866, pamoja na Mama Henri-Dominique, Padre Lataste alianzisha Betania huko Frasne-le-Château. Humo aliyetoka gerezani na aliyelelewa vema walivaa vazi moja, wakala meza moja, wakaweka nadhiri zile zile. Yaliyopita hayakuulizwa wala kusimuliwa.

Si wote waliofurahi. Wapo waliohofu kwamba kwa vazi lile watawa wote wangedhaniwa kuwa wametoka kifungoni. Na hapo ndipo ilipo siri ya Betania: dada asiyewahi kufungwa alikubali kudhaniwa mfungwa, ili mwenzake asiaibike peke yake. Padre Lataste alifariki mwaka 1869, akiwa na miaka 36 tu. Kanisa lilimtangaza Mwenye heri tarehe 3 Juni 2012.

Ndugu zangu, nasi tunao dada hao. Mwaka 2023 mashamba ya mirungi yaliteketezwa katika milima ya Same. Sheria ina haki yake, na ulevi unabomoa nyumba zetu. Gongo nayo tunaifahamu. Serikali imefanya sehemu yake ya kuponya pia: tangu mwaka 2011 waraibu wa heroini wamekuwa wakipewa methadoni Muhimbili. Lakini dawa haiketi na mtu jioni anapotamani kurudia kilevi, wala gereza halimtafutii rafiki siku anapotoka.

Tumtazame mama anayerudi kijijini baada ya kifungo. Tunamsalimu vizuri, hata pole tunampa. Lakini zamu ya kutunza michango ya jumuiya inamruka. Jumuiya haisali kwake. Akikohoa, tunanusa. Je, huko ndiko kusamehe? Mwanamume akirudi tunasema ameponyoka. Mwanamke tunamhesabia hata machozi ya watoto wake.

Katika Injili ya Matayo, sura ya 25, Bwana hatuulizi mfungwa alikosa nini. Anatuuliza kama tulikwenda. Basi juma hili kila jumuiya ichague nyumba moja ya dada wa namna hiyo, isali huko, inywe chai yake, na isiulize ya jana. Wakitucheka kwamba tunafanana naye, tumshukuru Mungu: tumeanza kuwa Betania.

 Amina.