Wapagazi wa Kariakoo na tiba ya mikono

Soko la Kariakoo tunalolijua, lile la miavuli ya zege, lilichorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Kabla yake palikuwa na soko jingine, na kabla ya wauzaji palilala wanaume waliochoka. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, waliwaweka wapagazi wa jeshi eneo hili, katika majengo ambayo Wajerumani walikuwa wameyakusudia yawe soko. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na humo ndimo lilimotoka jina Kariakoo. Vita vikaisha, wapagazi wakaondoka, jina likabaki na wakazi wapya.

Mbung'o walikuwa wamemaliza nyumbu na ng'ombe wa kukokota, na barabara za magari zilikuwa chache, kwa hiyo vita vyote vikapanda vichwani mwa watu: risasi, unga, mahema, machela za majeruhi. Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili hamsini hadi sitini. Unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa haraka uliwavuruga matumbo, hasa waliotoka kwenye ndizi au mpunga. Kuhara damu kukaua wengi kuliko risasi. Miguuni walikuwa na funza na donda ndugu, na mtu wa kutembea siku nzima akiharibika vidole ameharibika riziki. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa walizidi 95,000. Waliorudi makwao na miguu mibovu hakuna aliyejishughulisha kuwahesabu.

Machi 1917, vita bado vinaendelea kusini mwa Tanzania ya leo, watu wachache walikutana Clifton Springs, mji mdogo wa jimbo la New York, wakaanzisha chama cha fani ambayo sisi leo tunaiita tiba kazi. Mwenyeji wao, George Barton, alikuwa msanifu majengo. Alikuwa amekatwa sehemu ya mguu wa kushoto, kisha upande huohuo wa mwili ukapooza. Alijirudishia nguvu kwa useremala na kilimo cha bustani, akaamini wengine nao wanaweza. Hospitali za majeruhi Ulaya na Marekani zikaanza kujaa vitanda vya kufumia nguo, ususi wa vikapu na misumeno ya kukanyaga kwa mguu. Msumeno huo ulikuwa na hesabu yake: askari mwenye goti au kifundo kilichokakamaa alikanyaga, akaliangalia umbo analolikata kwenye ubao, na mguu ukafanya mazoezi huku akili iko kwenye ubao.

Mpagazi wa Kariakoo hakupewa msumeno. Hata ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia ndugu zao, na madai yake yalizungushwa maofisini kwa miaka.

Walichokuwa nacho wenyewe ni ngoma. Beni ilikuwepo pwani tangu kabla ya vita, lakini vita ndivyo vilivyoisambaza bara, askari na wapagazi wakiibeba kama walivyobeba mizigo. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia katika kitabu chake cha 1975. Dar es Salaam vyama vikubwa vilikuwa Marini na Arinoti, vyenye sare, vyeo vya kijeshi, gwaride na ushindani mkali wa mavazi na karamu. Sitaki kuivisha beni koti la daktari. Watu walicheza kwa sababu ilikuwa raha na fahari. Ila vyama hivi vilisaidia pia wanachama waliougua na kuzika waliokufa, na mtu aliyekuwa namba kwenye daftari la jeshi aliweza humo kuwa na cheo. Mwili uliofundishwa kutembea chini ya mzigo ukatembea kwa mapigo yaliyochaguliwa na wenyewe.

Miaka ya 1950 mwanaanthropolojia Clyde Mitchell aliandika juu ya kalela, ngoma ya miji ya migodi ya Zambia ya leo ambayo nasaba yake inarudi kwenye beni. Kati ya wachezaji alikuwemo "daktari" mwenye joho jeupe na "nesi" aliyezunguka na kioo na leso, kila mchezaji ajitazame na kujifuta uso. Hospitali nzima imeingizwa ndani ya ngoma! Laiti ningekuwa na sauti kwenye mitaala ya fiziotherapia, leso hiyo ingepata kipindi chake.

Serikali ya kikoloni nayo iliikumbuka vita kwa shaba. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam ilizinduliwa mwaka 1927, kazi ya James Alexander Stevenson, nayo ina mtu mmoja mwenye bunduki. Nairobi mpagazi alipewa nafasi pembeni ya askari. Hapa, umbali wa kutembea kutoka Kariakoo, hayupo.

Huduma za utengamao zilichelewa sana. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi 1971, na 1981 kikaanza hapohapo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria ya 1996, na leo majeruhi wa bodaboda wanaijaza.

Kazi ya mikono ilirudi kwa mlango mwingine. Taasisi ya CCBRT, iliyoanza 1994 jijini Dar es Salaam, inawafanyia upasuaji wanawake wenye fistula, ugonjwa unaotokana na uzazi pingamizi; uzazi huo wakati mwingine huharibu pia neva za mguu, mwanamke akawa anaburuta unyayo. Mwaka 2007 kilianzishwa kituo cha Mabinti, ambako waliotibiwa hujifunza kushona, kutia shanga na kuchapa vitambaa. Katika kuchapa, fremu yenye wavu hulazwa juu ya kitambaa, rangi humiminwa upande mmoja, kisha huvutwa kwa mikono miwili, kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, la sivyo ua hutoka na mabaka. Wanafundishwa pia kupanga bei.