Dzombo na Safari ya Mauti: Historia katika Walenisi

Riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi (1995), huainishwa kuwa bunilizi ya kisayansi. Katika bunilizi nyingi za aina hiyo zitokazo Marekani, shujaa huiacha dunia yake salama akapambane na sayari katili. Mkangi ameupindua mkondo huo: ukatili uko nyumbani. Dzombo anahukumiwa kufa, anatiwa katika chombo cha kurushwa angani, naye ananusurika na kutua Walenisi, yaani "wale ni sisi". Mwandishi mwenyewe alitiwa kizuizini mwaka 1986. Hukumu hiyo, basi, si njozi tupu.

Jina la shujaa nalo lina uzito. Magharibi ya Msambweni, huko Kwale, kuna kilima cha Dzombo chenye msitu wa kaya ya Wadigo. Hatudai kwamba Mkangi alikikusudia. Hata hivyo, masimulizi ya Wamijikenda husema kwamba wahenga wao waliihama Shungwaya wakiwakimbia maadui, wakajihifadhi katika kaya zilizozungukwa na misitu, mfano wa Kinondo, upande wa Diani. Msomaji wa Kwale hahitaji roketi ili aelewe kunusurika kwa kuhama.