Mirathi na Hesabu ya 24



Ndugu msomaji, wako vijana wenzetu wanaodhani kuwa hesabu ni ya shule na dini ni ya madrasa, na kwamba viwili hivi havikutani. Basi katika mwezi huu mtukufu, mwezi ulioteremshwa Qur'an, hebu tuitazame elimu ya faraidh, yaani mirathi, tuone kama dhana hiyo ina ukweli.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 11, 12 na 176, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametaja mafungu sita: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Namba za chini hapo ni 2, 4, 8, 3 na 6 tu. Lakini warithi hawaji mmoja mmoja. Mke ana thumni yake, mama ana sudusi yake, na mali ni ile ile moja. Je, utaigawa sehemu ngapi ili kila mmoja apate sehemu nzima nzima?

Wanavyuoni wakaweka kanuni nne. Namba mbili zikiwa sawa, kama 3 na 3, huitwa tamathul: chukua moja. Kubwa ikigawanyika kwa ndogo bila baki, kama 6 kwa 3, ni tadakhul: chukua kubwa. Zikiwa zote mbili zinagawanyika kwa namba ya tatu, kama 6 na 8 zinavyogawanyika kwa 2, ni tawafuq: chukua nusu ya 6, ambayo ni 3, uizidishe kwa 8, upate 24. Na zisipokuwa na kigawo cha pamoja ila 1, kama 3 na 8, ni tabayun: zizidishe, 24. Umeona? Hiki ndicho kigawe kidogo cha shirika, ile LCM tuliyofundishwa shule ya msingi!

Sasa kukazuka tatizo. Zama za ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.), kati ya mwaka 634 na 644, alifariki mwanamke akaacha mume na dada wawili. Mali ikigawanywa sehemu 6, mume ana nusu, yaani 3, na dada wana thuluthi mbili, yaani 4. Jumla ni 7! Sayyidna Umar akashauriana na masahaba, kisha mali ikagawanywa sehemu 7, kila mmoja akapungukiwa kwa kiasi cha haki yake. Hii ndiyo 'awl. Ibn Abbas (R.A.) baadaye hakuafiki, lakini madhehebu manne ya Sunni yaliishika.

Sayyidna Ali (R.A.) naye aliulizwa juu ya mimbari: mtu kaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Hesabu mwenyewe katika 24: mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumla 27. Akajibu papo hapo, kwamba thumni ya mke imekuwa tusui, kwani 3 katika 27 ni moja ya tisa. Mas-ala hayo yanaitwa Minbariyya mpaka leo.

Karne mbili baadaye huko Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833), al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr. Neno aljebra limetoka humo. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni nini? Wasia na mirathi!

Ndugu yangu, haya si ya kusoma tukasahau. Mara ngapi matanga yanakwisha, kisha mjane anaambiwa ati "wewe tutakupa kitu"? Fungu lake si "kitu". Ni thumni akiwa marehemu kaacha watoto, ni robo asipoacha. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 170, imezipa Mahakama za Kadhi uwezo wa kuamua mirathi ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake. Lakini si lazima dhulma ifike huko. Kijana mmoja nyumbani akichukua kalamu, akatafuta hiyo 24, akaandika mbele ya wazee nani ana ngapi, hakuna wa kukisia tena.

Basi Ramadhan hii tufunge, tusome, na tujifunze kugawa. Wabillahi tawfiq.