Dakika 44 Zilizowasumbua Mafundi wa Saa za Mwezi

Kutoka mwandamo hadi mwandamo, mwezi huchukua wastani wa siku 29, saa 12, dakika 44 na sekunde 3 hivi. Hizo dakika 44 ndizo zilizowasumbua mafundi saa kwa karne nyingi.

Wagiriki wa kale walishajaribu. Mtambo wa Antikythera, uliotolewa na wapiga mbizi katika merikebu iliyozama, ulikuwa na tufe dogo, nusu jeupe na nusu jeusi, lililojigeuza kadiri mwezi ulivyokua na kupungua. Saa za mkono zilishika njia rahisi zaidi: kisahani chenye meno 59 na miezi miwili iliyochorwa, kikisukumwa jino moja kila siku. Hesabu hiyo ni siku 29 na nusu kwa kila mwezi. Dakika 44 zimeachwa. Baada ya miaka miwili na miezi saba hivi, saa na anga hupishana siku nzima.

Mwaka 1985 kiwanda cha IWC cha Schaffhausen, Uswisi, kilitoa saa ya Da Vinci. Ulikuwa wakati mbaya. Saa za kwatzi zinazotumia betri, ambazo Seiko ya Japani ilianza kuuza mwishoni mwa 1969, zilikuwa zimefungisha viwanda vingi vya Uswisi. Kurt Klaus, fundi aliyeingia IWC mwaka 1957, alijibu kwa kalenda ya kudumu, inayojua yenyewe miezi mifupi na miaka mirefu. Hesabu zake alizipiga bila kompyuta. Saa nyingine za aina hiyo zilirekebishwa kwa vitufe vidogo vilivyofichwa ubavuni. Yake ilirekebishwa yote kwa kitufe kimoja cha kujazia: siku, tarehe, mwaka wa tarakimu nne, hata mwezi wa angani. Na mwezi huo hukosea siku moja tu katika miaka 122. Kwangu, hakuna jibu bora zaidi ambalo fundi aliipa betri.

Kuupiga picha mwezi huo ni kazi ya subira. Umekaa juu, kwenye saa sita, ndiyo maana mishale huwekwa saa nne na dakika kumi: inafunguka pande mbili na kuuacha wazi. Kisahani kiko chini kidogo ya uso wa saa, kwa hiyo lenzi ya karibu ikiushika mwezi, mishale hufifia. Wapigapicha hupiga picha kadhaa, kila moja ikilenga kina chake, kisha huziunganisha. Dhahabu iliyong'arishwa nayo huakisi kila kitu, kamera ikiwemo, mpaka taa ichujwe kwa karatasi nyeupe.

Lakini kuna kosa ambalo taa haiwezi kuliponya: kuweka mwezi mpevu kwa sababu unapendeza, huku tarehe ikisema jingine. Saa inayosoma 7 Septemba 2025, usiku ambao mwezi ulipatwa na watu wa Afrika Mashariki wakautazama, haina budi kuonyesha mwezi mpevu, kwani mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu. Ikisoma wiki mbili baadaye, mwezi uwe umefichika. Mpigapicha, kabla ya kuwasha taa, soma tarehe iliyo kwenye saa, uhakikishe na mwezi wake ndio huo.