Miksoma: uvimbe wenye kikonyo

Mwambie mtu ana uvimbe wa moyo, ataelewa kwamba moyo wake umevimba, kwani ndivyo tunavyosema moyo unapotanuka kwa presha ya miaka mingi. Miksoma si hiyo. Ni kinyama kilichoota mahali ambapo damu inatakiwa kupita, ndiyo maana napenda kusema uvimbe ndani ya moyo.

Jina limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ute au kamasi, na kweli miksoma nyingi ni laini, zinateleza kama mlenda. Lakini neno ninalolipenda zaidi ni kikonyo. Kwa kawaida uvimbe huu huota katika chumba cha juu cha kushoto, umeshikilia ukuta wa katikati, unaning'inia kama embe. Moyo ukipiga, nao unabembea, pengine unashuka hadi kwenye vali ya mitrali na kuziba njia. Mgonjwa huishiwa pumzi au kuzimia ghafla. Kuna ambao hali hubadilika wakigeuka tu kitandani. Kipande kikimeguka na kufika kwenye ubongo, huleta kiharusi.

Halafu daktari akiuita benign, unakuta mtu amefasiri: uvimbe usio hatari! Daktari alimaanisha tu kwamba chembe zake hazivamii wala hazisambai kama za saratani. Basi tuseme uvimbe usio saratani, tusimdanganye mgonjwa.

Kwenye stetoskopu miksoma huweza kusikika kama vali iliyobana kwa sababu ya homa ya rumatiki, na wengi wamedhaniwa hivyo. Kipimo cha eko ndicho kinachoufichua: kwenye skrini unaona kibonge kikichungulia kwenye vali, kikirudi, kikichungulia tena.

Dawa ya kuuyeyusha hakuna; ni upasuaji. Mpasuaji Clarence Crafoord aliutoa kwa mafanikio mjini Stockholm mwaka 1954, mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu. Mpasuaji hakati kikonyo peke yake, huondoa na sehemu ya ukuta kilipoota, kisha huziba tundu, kwa sababu shina likibaki uvimbe unaweza kuchipua upya. Kwa watoto wadogo unaoonekana zaidi ni rabdomioma, ambao mara nyingi hunywea wenyewe. Huo, usipoziba njia ya damu wala kuvuruga mapigo, madaktari huuacha na kuufuatilia kwa eko.