Sakafu ya ukumbi wa michezo wa shule Moshi: mbao, plastiki au zege?

Kuanzia Kibosho na Machame hadi Marangu, wanafunzi wengi wanacheza basketi na netiboli nje. Shule ikipata pesa ya kujenga ukumbi, kamati mara nyingi inabishana kuhusu kuta na bati, halafu sakafu inakumbukwa mwishoni, mfuko ukiwa umeshalegea. Hapo ndipo yanawekwa marumaru.

Marumaru kwenye ukumbi wa michezo ni kosa. Yakipata jasho au vumbi yanateleza, dawati likiangushwa yanapasuka, na hayampunguzii chochote mtoto anayetua baada ya kuruka. Zege tupu nalo ni gumu vile vile kwa goti. Kwenye kiwango cha Ulaya cha sakafu za michezo, EN 14904, zege ndilo sifuri: sakafu nzuri inatakiwa kumeza angalau asilimia 25 ya mshtuko ukilinganisha na zege.

Piga hesabu ya eneo kwanza. Kiwanja cha basketi ni mita 28 kwa 15. Ukiacha mita 2 za usalama kila upande, unapata mita za mraba 608. Yaani tofauti ya shilingi 1,000 tu kwa mita ya mraba ni shilingi 608,000, na hizo ni michango ya wazazi. Netiboli ni kubwa kidogo, mita 30.5 kwa 15.25.

Mbao ndiyo wachezaji wanaipenda, na mashindano makubwa ya FIBA huchezwa juu yake. Haigongelewi tu juu ya zege. Inalala juu ya papi zilizokalia vipande vya mpira, hewa ikipita chini. Paina na saipresi za mashamba ya West Kilimanjaro na Rongai ni laini, zibaki kwenye paa. Sakafu inataka mti mgumu kama mninga, au mtiki kama ule wa Longuza, Muheza. Adui ni mchwa na unyevu. Miteremko ya kusini ya mlima inapata mvua nyingi kuliko mjini, na masika ya Machi hadi Mei mbao zinavimba; zisipoachiwa nafasi pembeni mwa ukuta zinanyanyuka katikati. Mbao ziwe zimekaushwa sawasawa. Moshi ina bahati hapo: Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, kipo mjini na kinafundisha kazi hiyo hiyo.

Kwa shule ya kawaida, ambayo ukumbi wake pia ni bwalo, chumba cha mtihani na mahali pa kikao cha wazazi, kapeti la plastiki la michezo lenye sponji chini ndilo chaguo la busara zaidi. Halili fedha nyingi za matunzo, vumbi linafutika, na goti linapata unafuu. Udhaifu wake ni miguu ya madawati: chuma kikikaa juu ya sponji kinaacha mashimo. Miguu ivalishwe soli za mpira.

Plastiki ya kumiminwa, isiyo na kiungo hata kimoja, ni nzuri pia, ila inahitaji mafundi walioizoea kweli.

Pesa ikiwa haitoshi kabisa, piga zege zuri na rangi ya viwanja isiyoteleza, kapeti lisubiri mwaka mwingine. Lakini chini ya zege weka dawa ya mchwa na nailoni nzito ya kuzuia unyevu sasa hivi, maana ukishamwaga huwezi kurudi nyuma.

Na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Fundi atasema siku 28 zimeisha, tubandike. Siku 28 ni za zege kupata nguvu. Kukauka ni jambo jingine. Kwa makadirio ya mafundi wa sakafu, kila milimita 25 za unene zinataka kama mwezi mmoja, kwa hiyo zege la milimita 100 ni miezi minne, na masika inaongeza. Kupima ni rahisi: kata nailoni ya sentimita 45 kwa 45, ibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote, iache angalau saa 16. Ukikuta matone chini yake, au zege limekuwa jeusi, usibandike kitu.