Mpaka Katika Nchi ya Haneti

Haneti iko kaskazini mwa mji wa Dodoma, katika nchi ya Wagogo, na huko mpaka ulijulikana kabla ya kufika mpima ardhi na mnyororo wake. Ugogo uligawanyika katika nchi ndogo ndogo, kila moja ikiitwa yisi, nayo ikiwa na mtemi wake mwenye mawe ya mvua. Mipaka yake ilikuwa vilima, mikondo ya maji na miti mikubwa. Ndani yake aliyefyeka pori alikuwa na haki ya shamba kwa muda alioendelea kulilima, na ukame ulipomhamisha na ng'ombe wake, mwingine aliweza kulima pale. Mpaka, basi, ulikuwa jambo la kushuhudiwa na watu, wala haukuwa mstari.

Kinyume cha desturi hiyo chaonekana Marekani. Sheria ya tarehe 20 Mei 1785 iliamuru nchi ya magharibi ipimwe kwa miraba ya maili sita kila upande, na kila mraba ukatwe mafungu 36 ya ekari 640, fungu la 16 likiwekwa kwa ajili ya shule. Mnyororo wa Gunter ulikuwa wa futi 66, na minyororo 80 ilifanya maili moja. Mstari ulitangulia, mlimaji akafuata. Wenyeji wa asili waliokuwamo tayari hawakuulizwa.

Tanganyika haikukatwa miraba namna hiyo. Hata hivyo wazo lenyewe, kwamba juu ya kila mlimaji yuko mwenye ardhi mkubwa zaidi, liliingia. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1895 iliifanya ardhi isiyo na mwenyewe kuwa mali ya serikali. Sheria ya Waingereza ya 1923 ilikwenda mbali zaidi: ardhi yote, inayokaliwa na isiyokaliwa, ilitangazwa kuwa ardhi ya umma. Mwaka 1928 haki ya mwenyeji aitumiaye ardhi kwa desturi ilitambuliwa, lakini ilikuwa haki isiyo na ramani wala jiwe. (Neno ekari lenyewe ni Kiingereza kilichovikwa nguo za Kiswahili. Pishi na mkono vilipimia nafaka na kitambaa, vitu avichukuavyo mnunuzi akaenda navyo.)

Udhaifu wa haki hiyo ulidhihirika katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, familia zilipohamishwa kutoka kwenye matembe yaliyotawanyika zikakusanywa vijijini. Mashamba yaligawanywa upya, mara nyingi juu ya ardhi iliyokwisha kulimwa na wengine.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, iliyotungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, inashika pande mbili. Katika kifungu cha 7 mpaka wa kijiji waweza kuthibitishwa kwa mapatano na majirani, na hapo mzee aonyeshaye mlima au mbuyu anasikilizwa kama zamani. Lakini kifungu cha 15 chahalalisha ugawaji wote uliofanywa vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, ama ulifuata sheria ama uliikiuka, na chafuta haki zilizotangulia. Mzee yule yule aweza kuwaonyesha wapimaji mbuyu uliosimama kando ya tembe la baba yake, nao wakauandika kuwa alama ya mpaka wa kijiji. Shamba lililo chini ya mbuyu huo hawezi kulidai.